Kujibu sauti inayosema "simama" katika mbio ndefu

Ukiwa ndani ya gari, barabara ya kutoka Moshi mjini kwenda Mweka haikutishi. Inapanda taratibu kati ya migomba na kahawa, na abiria anaweza kufika juu bila kujua kwamba alikuwa anapanda. Mkimbiaji wa marathoni ya Kilimanjaro anaikuta akiwa ameshamaliza karibu nusu ya safari. Amekwenda upande wa barabara ya Dar es Salaam kwenye tambarare, amegeuka, amerudi mjini, na pale ambapo mwili unadhani umefika nyumbani anaelekezwa mlimani. Anatoka mita 830 hivi juu ya usawa wa bahari, anapanda mpaka zaidi kidogo ya 1,100, na mahali pa kugeuza ni karibu na kilomita ya 32.

Mara yangu ya kwanza nilikaa chini katikati ya mpando huo. Sikuwa nimeumia wala sikuwa na kiu. Miguu ilikuwa mizito, lakini ilikuwa inakwenda. Kilichonikalisha ni swali lililopita kichwani: "Hata ukifika, nani anakusubiri?" Nikapanda gari la waliojitoa. Kabla hatujafika mjini pumzi ilikuwa imetulia, miguu imerudi, nami nikajua kwamba nilikuwa na kilomita nyingine kumi ndani yangu ambazo sikuzitumia.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja ambalo mwongozo huu wote umejengwa juu yake: sauti inayokuambia simama haiji ovyo. Ina vituo vyake, kama basi. Ukivijua vituo vyake, unaweza kuandaa jibu la kila kituo ukiwa bado nyumbani na akili imetulia, kwa sababu ukisubiri kilomita ya 28 ndipo utafute jibu, hutalipata.

Hatua ya kwanza: tambua nani anazungumza

Mwili na akili vyote husema "simama", na kosa kubwa ni kuvisikia kama sauti moja. Kabla ya kufundisha moyo uvumilivu, ufundishe kusikiliza.

Maumivu ya jeraha yana anwani. Yanakaa mahali pamoja, yanachoma au kukata, na yanabadilisha namna unavyokanyaga. Ukianza kuchechemea, hilo si suala la moyo tena. Dalili za hatari nazo ni nyingine: kifua kubana, kizunguzungu, kuchanganyikiwa usijue uko wapi, kusikia baridi na vipele vya ubaridi ukiwa juani. Hapo simama, ita msaada, na usiruhusu mtu yeyote, hata mimi na mwongozo huu, akuambie ukaze moyo.

Uchovu hauna anwani. Uko kila mahali na hauko popote, unaondoka ukipata kikombe cha maji au mtoto akikupungia mkono, kisha unarudi. Huu ndio unaojadiliana nao. Kichomi cha ubavuni kiko katikati: punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa mdomo, bonyeza panapouma, na mara nyingi kitapita.

Watu wengi wa Tanzania tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuendelea mpaka mwisho. Walianza 75, wakamaliza 57, na yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Namheshimu mzee huyo kwa moyo wote. Lakini nimeona vijana wakimtumia kama sababu ya kukimbia na goti lililovimba wiki tatu mfululizo. Akhwari alikuwa amebeba bendera ya nchi kwenye Olimpiki. Wewe uko kwenye mazoezi ya Jumamosi. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alijitoa kwenye marathoni ya Paris mwaka 2024 baada ya kilomita 30 hivi, na hakuna mwenye akili aliyesema hana moyo.

Kuhusu uchovu wenyewe, wanasayansi bado wanabishana. Tim Noakes wa Afrika Kusini alishikilia kwamba ubongo huuvuta mwili breki mapema, kabla haujafika ukomo wake. Samuele Marcora na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliofanya kazi ngumu ya akili kwenye kompyuta kwa dakika 90 walichoka mapema zaidi walipopanda baiskeli, ingawa moyo na misuli yao ilikuwa ikifanya kazi sawa na siku ambazo hawakufanya kazi hiyo. Kwa mkimbiaji wa kawaida maana yake ni rahisi: ukitoka kwenye hesabu za kufunga mwezi au kusahihisha mitihani ya wanafunzi 80, ule uzito wa miguu jioni umetoka kichwani kwa sehemu kubwa. Usijihukumu kwa mbio za siku hiyo.

Hatua ya pili: weka daftari la sauti

Programu za simu zinakuandikia umbali na mwendo. Haziandiki ulichoambiwa na nafsi yako. Nunua daftari dogo la kurasa 40, na kila ukirudi kutoka kwenye mbio ndefu, kabla ya kuoga, andika mambo mawili tu: ulikuwa wapi sauti ilipokuja, na ilisema nini kwa maneno yake yenyewe. Usiandike "nilichoka". Andika "kwenye mnara wa simu, iliniambia nimechelewa kuanza mchezo huu, umri umekwenda."

Baada ya mbio ndefu sita au saba utaona mtindo. Kwangu ilikuja dakika za kwanza kumi, ikaja kati ya kilomita ya 14 na ya 16, ikaja tena baada ya 26. Maneno nayo yalijirudia. Mwanzoni ilizungumzia kazi za nyumbani zinazonisubiri. Katikati ilisema hakuna anayejali. Mwishoni haikusema maneno mengi, ilikuwa ni huzuni tu isiyo na sababu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Hatua ya tatu: mlango wa nyumba

Kikwazo kikubwa kuliko ukuta wa kilomita ya 30, pale nguvu zinapoisha ghafla, ni kitasa cha mlango saa kumi na moja alfajiri. Nguo na raba ziwe pembeni ya kitanda tangu usiku, maji yawe kwenye kikombe, na uwe umeshaamua njia utakayopita. Alfajiri si saa ya kufanya uamuzi wowote. Ukijiuliza "niende au nisiende?" umeshashindwa, maana kitanda kina hoja nzuri kuliko zote.

Makubaliano yawe ya dakika kumi tu. Toka, kimbia polepole dakika kumi, na baada ya hapo una ruhusa ya kurudi bila kujilaumu. Dakika za mwanzo moyo na mapafu vinakuwa bado vinakimbizana na mahitaji ya misuli, kwa hiyo kila mtu, hata bingwa, anajisikia vibaya. Ni kama jiko la mkaa ambalo halijakolea: usilihukumu kwa moshi wake. Mimi nimetumia ruhusa hiyo ya kurudi mara chache sana, na kila mara nilikuwa kweli naumwa.

Sasa niseme jambo ambalo miongozo mingi hulipita, na kwetu wanawake ni zito kuliko mlima. Ni macho ya watu. Nilipoanza kukimbia mtaani kwetu, watu walidhani nakimbia kitu. "Dada, kulikoni?" Wengine walinifuata na bodaboda wakipiga honi, wengine walisema maneno nisiyoyaandika hapa. Kuna siku nilirudi nyumbani baada ya mita 400, na haikuwa miguu iliyonirudisha. Usimwambie mwanamke "puuzia tu" kana kwamba ni jambo dogo. Tafuta wenzako. Vaa unachokiona kinakupa utulivu, iwe suruali ndefu, dera jepesi juu ya taiti au hijabu ya michezo. Pita njia ileile saa ileile kwa wiki tatu, na salimia kwa sauti: "Shikamoo mama," "Habari za asubuhi kaka." Mtu uliyemsalimia mara tano hakuzomei tena kwa urahisi, na muuza vitumbua wa pale kwenye kona ataanza kuuliza kama umeumwa siku usipopita. Mpaka leo naona hiyo ndiyo iliyonijenga kuliko programu yoyote ya mazoezi.

Vikundi vya jogging vya mwisho wa wiki vinasaidia kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu nyingine ambayo tulifundishwa shuleni bila kuambiwa: mchakamchaka. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, miguu inashika mdundo. Anayeweza kuitikia bila kukata pumzi anakwenda mwendo unaomfaa. Na akili inayongoja zamu yake ya kuitikia haina nafasi ya kulalamika. Ukiwa peke yako porini, itikia kimoyomoyo. Inafanya kazi.

Hatua ya nne: kata umbali vipande

Usiibebe kilomita 42 na mita 195 kichwani. Ni mzigo ambao hakuna shingo inayouweza. Beba kipande kinachofuata tu: meza ya maji, daraja, nguzo ya umeme, yule mwenye fulana ya njano aliye mbele yako.

Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia London kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 25 mwaka 2003, alikuwa akihesabu hadi mia, na alijua kwamba akihesabu hivyo mara tatu amekwenda karibu maili moja. Nilijaribu nikaona kwa Kiswahili inavuruga pumzi. "Moja" na "mbili" zinakwenda na mguu vizuri, lakini ukifika "themanini na nane" umeshapiga hatua tatu kabla hujamaliza kulitamka. Kwa hiyo fanya hivi: hesabu mguu wa kulia pekee, moja hadi kumi, kisha kunja kidole kimoja. Vidole kumi vikiisha umepiga hatua 200, na kwa mkimbiaji wa wastani hizo ni kama mita 200. Maliza mikono yote miwili mara tano na kilomita imekwisha. Vidole vinashika hesabu ambayo kichwa kilichochoka hakiwezi kuishika, na kule kukunja ngumi taratibu kunakukumbusha kulegeza mabega.

Itunze mbinu hii kwa sehemu ngumu. Ukianza kuhesabu kilomita ya tatu, itakuwa imekwisha makali utakapoihitaji.

Hatua ya tano: chagua maneno yako mapema

Mwaka 2014 Anthony Blanchfield, Marcora na wenzao walitangaza utafiti ambamo watu walifundishwa kwa wiki mbili kujisemesha maneno ya kujitia moyo. Walipopimwa tena kwenye baiskeli walidumu kwa takriban asilimia 18 zaidi kabla ya kuishiwa nguvu, na kazi ileile waliiona nyepesi kuliko mwanzo. Ona hizo wiki mbili. Maneno hayo walikuwa wamekwisha kuyachagua na kuyazoea.

Chagua mawili. La kwanza ni la kukuzuia, kwa nusu ya mwanzo ambapo hatari ni kwenda kasi: "tulia", au "bado". La pili ni la kukusukuma. Lisiwe la uongo. Mimi niliacha "karibu unafika" kwa sababu nafsi ilijua kwamba sijafika, ikaacha kuniamini. Sasa natumia "hatua hii tu". Jiite kwa jina, kama anavyokuita mtu anayekupenda, na tumia lugha iliyo karibu na moyo wako. Rafiki yangu mmoja anazungumza Kiswahili siku nzima, lakini mlimani anajisemesha kwa Kichaga, kama bibi yake alivyomwambia alipokuwa anabeba majani ya ng'ombe. Hilo halihitaji utafiti kulielewa.

Angalia na uso. Kipchoge anajulikana kwa kutabasamu anapoumia, na amesema mwenyewe kwamba anafanya hivyo makusudi. Huna haja ya kutabasamu kama hutaki, lakini legeza taya na paji la uso. Uso uliokunjamana unauambia mwili wote kwamba kuna vita.

Hatua ya sita: lisha kichwa

Hii huzuni ya baada ya kilomita ya 26 niliyoitaja, kwa miaka miwili niliifanyia maombi na mazungumzo ya moyo. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa njaa.

Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, wenye nishati ya kama kalori 2,000. Zinatosha kukufikisha karibu na kilomita ya 30, mapema zaidi ukianza kwa pupa. Baada ya hapo miguu inakuwa ya mbao, na ubongo, unaotegemea sukari ya damu, unakuwa mnyonge: unaona kila kitu kigumu, kila mtu mbaya, kila jambo halina maana. Hapo ndipo wakimbiaji wanasema wamegonga ukuta. Mtu aliye katika hali hiyo hahitaji hotuba. Anahitaji kula, na alihitaji saa moja iliyopita.

Anza kula ndani ya saa ya kwanza, kabla hujasikia haja. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ni kiwango kinachoshauriwa mara nyingi kwa mbio ndefu. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Tende zilizotolewa kokwa, glukosi ya unga kwenye maji, vyote vinafaa mradi umevijaribu kwenye mazoezi na tumbo limekubali. Maji kunywa kwa kiu. Anayekunywa kila meza kwa hofu anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akaugua vibaya.

Hatua ya saba: fanya mazoezi ya kishawishi

Watu wanafanyia mazoezi miguu na kutegemea moyo utajitokeza wenyewe siku ya mbio. Haujitokezi. Mara moja kila wiki mbili au tatu, usizidishe, panga mbio ndefu yenye kishawishi ndani yake. Zoezi ninalolipenda ni hili: chora mzunguko wa kilomita sita au saba unaopita mbele ya geti la nyumbani kwako, na uuzunguke mara tatu. Mara ya pili ukipita pale unasikia harufu ya chai, watoto wanakuita, na kila kiungo kinageukia mlangoni. Ukipita geti hilo mara mbili, umefanya zoezi ambalo hakuna mlima unaoweza kukupa.

Mengine: maliza mbio ndefu kwa kupanda badala ya kushuka. Kimbia siku moja bila simu wala muziki, ili ukutane na sauti yako ana kwa ana. Mvua ya kawaida ikinyesha, toka. Radi zikipiga, baki ndani.

Hatua ya nane: weka sheria za kuacha

Ziandike usiku wa kuamkia mbio. Zangu ni tatu. Siamui kuacha nikiwa napanda. Siamui mbele ya gari la kubeba waliojitoa. Na siamui kabla ya kula kitu, kunywa, na kutembea dakika tano kamili kwa kuangalia saa. Dakika tano zikiisha, kama bado nataka kuacha, naacha na sijilaumu.

Kutembea si aibu. Aliyepanga kutembea hatua 30 kila meza ya maji yuko kwenye mpango wake; aliyeapa kutotembea kabisa akitembea mara moja anajiona ameshindwa, na hapo ndipo anapokaa chini.

Niliporudi Mweka mwaka uliofuata, swali lilikuja palepale, karibu na kilomita ya 28, kwa maneno yaleyale. Nikalitambua kama unavyomtambua mtu uliyekwisha kumwandika. Nikala tende, nikatembea dakika tano, nikaanza kukunja vidole. Kwenye mgeuko wa kilomita ya 32 nilikuwa nakimbia.

Kuhusu mteremko wa kurudi, tahadhari moja: moyo unafurahi mno na mapaja yanapigwa. Fupisha hatua, na ubaki na neno lako mpaka mstari wenyewe. Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliingia uwanjani akiwa nyuma, akamkuta Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mita za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua dhahabu ni ya Tanzania.

Baada ya mbio, hasa zikienda vibaya

Juma Ikangaa wa Tanzania alipoteza marathoni ya Boston mwaka 1988 akiwa sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na tena mwaka 1990. Katikati ya hapo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2 dakika 8 na sekunde moja. Mtu ambaye angeiacha Boston ya kwanza imkalie kichwani asingefika New York.

Kwa hiyo siku mbili za mwanzo usitafute sababu wala mtu wa kumlaumu. Kula, lala, tembea kidogo. Siku ya tatu fungua daftari, andika kilomita na maneno kama yalivyokuja, kisha andika chini yake jibu ambalo ungependa ungekuwa nalo. Halafu pumzika wiki nzima bila kukimbia, hata kama raba zinakuita.